San Diego mwezi Mei: kupanda mboga penye joto lakini pasipo mvua

Mwezi Mei, mvua za masika zinapoanza kupungua nchini Rwanda, Burundi na mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakulima wengi huanza kuyatazamia mavuno ya maharage, na wenye viwanja kwenye vinamasi hujiandaa kwa msimu C. Wakati huohuo mjini San Diego, kusini-magharibi kabisa mwa Marekani, familia zilizohamia huko kutoka ukanda huu wa Maziwa Makuu huwa zimeingia katika wiki zenye kazi nyingi kuliko zote za bustani. Ndiyo miche ya nyanya inahamishwa kutoka kitaluni, kunde zinafukiwa, na marando ya viazi vitamu yanakatwa. Atakayekosea wiki hizo hatakosa chakula, kwa kuwa maduka yapo. Atakachokosa ni mboga alizozizoea, ambazo maduka mengi hayauzi au huuza kwa bei isiyolingana na kipato cha mtu aliyefika juzi.

Majira hayo kwa Kiswahili huitwa majira ya machipuko, na Mei ni mwisho wake. Neno hilo linaweza kumpotosha mgeni. Sehemu kubwa ya Marekani, machipuko ni wakati ambapo theluji imeyeyuka na mkulima anangoja usiku wa mwisho wa jalidi, yaani umande unaoganda usiku na kuunguza majani, jambo ambalo wakulima wa chai wa Kericho nchini Kenya wanalijua vyema. Katika ukanda wa pwani ya San Diego hakuna kinachoyeyuka. Wizara ya Kilimo ya Marekani huigawa nchi katika makundi 13 kwa kufuata wastani wa baridi kali kuliko zote ya mwaka, na sehemu kubwa ya pwani hiyo imo katika kundi la 10, ambamo wastani huo ni kati ya nyuzi joto 1 chini ya sifuri na 4 juu yake. Karibu na bahari miaka hupita bila jalidi kuonekana.

Hivyo maelezo yaliyochapishwa kwenye pakiti nyingi za mbegu, yanayomwagiza mnunuzi apande baada ya jalidi ya mwisho, hayamsaidii mtu wa San Diego. Hana jalidi ya mwisho ya kuhesabia siku. Lakini si kweli pia kwamba anaweza kupanda chochote wakati wowote, na hapo ndipo wageni wengi wanapoteleza.

Joto na mvua vimeachana

Mtu aliyelelewa Bujumbura, Uvira au Kigali amejifunza tangu utotoni kwamba kalenda ya shamba ni kalenda ya mvua. Joto halibadiliki sana mwaka mzima, na kinachoamua ni lini mvua itanyesha. Mbegu huenda ardhini mawingu yanapojikusanya, na kiangazi ni wakati wa kuvuna, kukausha na kusubiri.

San Diego mambo hayo mawili yametengana. Mvua, ambayo karibu na pwani ni milimita 250 hivi kwa mwaka, hunyesha karibu yote kati ya Novemba na Machi, wakati wa baridi. Kigali hupata takriban mara nne ya kiasi hicho. Ifikapo Mei mbingu za San Diego zimefunga kazi, na kwa kawaida mvua ya maana haitanyesha tena hadi vuli yao, takriban miezi sita baadaye. Joto nalo ndiyo kwanza linaanza kupanda, na kilele chake ni Agosti na Septemba. Mwenye desturi ya kusubiri mvua ndipo apande atasubiri hadi mazao ya joto yawe yamepitwa na wakati wake.

Msikilizaji wa Rwanda au Burundi anao mfano wa karibu, nao ni huohuo msimu C, ambapo kuanzia Juni hadi Septemba watu hulima mboga kwenye mabonde yenye unyevu huku vilima vikiwa vimekauka. Bustani ya Mei ya San Diego ni msimu C bila kinamasi. Unyevu ambao nyumbani bonde hulihifadhia shamba, kule hutoka bombani, na bomba lina mita.

Kuna jambo jingine linalowashangaza waliotarajia jua kali. Karibu na bahari, Mei na Juni ni miezi ya mawingu mazito ya asubuhi. Mkondo baridi wa bahari unaoteremka kutoka kaskazini hupoza hewa iliyo juu ya maji, na hewa hiyo huingia nchi kavu kama ukungu unaokaa hadi saa sita mchana, pengine siku nzima. Wenyeji huusimulia kwa majina ya utani, rangi ya kijivu ya Mei na kiza cha Juni. Wakati huo pwani joto la mchana huwa nyuzi 20 au 21 tu. Kilomita 25 hivi kuelekea ndani, katika bonde la El Cajon, ambako wakimbizi wengi huishi kwa sababu ya kodi za nyumba, joto huwa juu zaidi kwa nyuzi kadhaa, na wakati wa kiangazi hupita 30 mara kwa mara. Kwa hiyo ndugu wawili wa mji mmoja wanaweza kuhitaji kalenda mbili tofauti: bamia za yule wa El Cajon zimeshachipua, za mwenzake wa pwani zinaoza udongoni.

Kwa sababu hiyo wakulima wazoefu hupima joto la udongo kuliko kutazama tarehe. Maharage na mahindi yanahitaji udongo wenye nyuzi 16 hivi ili yaote vizuri, na bamia hutaka kupita 20. Kipimajoto cha udongo ni cha bei nafuu, na kukitumbukiza ardhini kina cha kidole asubuhi kwa siku chache mfululizo hutoa jibu bora kuliko jirani yeyote.

Siku ndefu na mimea inayozihesabu

Tofauti ambayo haionekani kwa macho ni urefu wa mchana. Katika Maziwa Makuu, karibu na ikweta, tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na iliyo fupi kuliko zote haizidi nusu saa. San Diego, iliyo karibu nyuzi 33 kaskazini mwa ikweta, mchana wa mwishoni mwa Juni hufikia saa 14 na dakika 20 hivi, na ule wa Desemba ni wa saa 10. Mimea mingi huuhesabu mchana na kuamua kulingana nao wakati wa kutoa maua.

Aina nyingi za asili za mbaazi, kwa mfano, huhitaji usiku mrefu ndipo zichanue. Zikipandwa San Diego mwezi Mei hustawi sana, zikawa na majani mengi na kimo cha kumzidi mtu, lakini zisitoe ua hata moja hadi siku zianze kufupika. Baadhi ya kunde za kienyeji hufanya vivyo hivyo, na choya pia. Mahindi ya kitropiki nayo, yakikutana na siku hizo ndefu, hurefuka kupita kiasi na kuchelewa kutoa mbelewele. Mwenye shamba anaweza kudhani udongo una kasoro au mbegu ni mbovu, kumbe mmea unafuata saa uliyozaliwa nayo.

Mboga za majani za baridi huathiriwa kinyume chake. Spinachi, giligilani na saladi, mchana unaporefuka na joto kuongezeka, huacha kutoa majani, hurusha shina la maua na kuwa chungu au ngumu. Vitunguu vinavyofaa latitudo ile hupandwa Oktoba au Novemba na kuvunwa Mei na Juni, kwa sababu kurefuka kwa mchana ndiko kunakoviamuru vijaze tunguu. Anayepanda vitunguu hivyo Mei huvuna vitunguu vidogo vidogo.

Kinachofaa kupandwa

Orodha ya mazao ya Mei ina mengi ambayo mtu wa Afrika Mashariki na Kati angeyachagua mwenyewe. Nyanya, biringanya, pilipili hoho, maboga, matango, matikiti maji, mahindi, maharage, kunde, bamia, mchicha na viazi vitamu vyote ni mazao ya wakati huo.

Mchicha, ambao wasikilizaji wa Burundi na Kongo huuita lengalenga, ndio unaoleta furaha ya haraka. Ukimwagwa juu ya tuta lenye udongo laini na kufunikwa kidogo tu, majani ya kwanza huchumwa baada ya wiki nne hadi sita. Mbegu zake si adimu, kwani Wavietnamu, Wachina, Wajamaika na Wameksiko nao hula mchicha, kila mmoja kwa jina lake, na maduka ya Waasia mjini humo huuza mbegu za aina za majani. Kunde huchumwa majani zikiwa changa, na zilizobaki huachwa zitoe maganda. Viazi vitamu hupandwa kwa marando kama nyumbani, na kwa kuwa vinahitaji miezi minne hadi mitano ya joto, Mei ni wakati wake hasa. Matembele yake huvunwa kwa kiasi muda wote huo. Muhogo wa sombe ni suala gumu zaidi. Huota, lakini usiku wa pwani una ubaridi, na wakati wa baridi mmea hudumaa, kwa hiyo anayeupanda ajiandae kula majani machache.

Nyanya zinastahili maneno zaidi, maana ndizo zinazopandwa na kila mtu na kuwakatisha tamaa wengi. Chavua ya nyanya haifanyi kazi vizuri usiku ukiwa chini ya nyuzi 13 hivi, wala mchana unapozidi 32 au 35. Pwani tatizo ni ubaridi na ukungu, kwa hiyo aina zenye matunda madogo na zinazowahi kuiva ndizo zenye uhakika. Kule El Cajon tatizo ni joto la Julai na Agosti, na mche wa nyanya uliochelewa hadi Juni utachanua wakati mbaya na kuangusha maua. Mche hufukiwa hadi karibu na majani ya juu, kwa sababu shina lililo chini ya udongo huota mizizi. Kwenye kibao cha mche dukani huwa kuna herufi ambazo wengi hawazitilii maanani: V na F humaanisha kwamba aina hiyo inastahimili magonjwa mawili ya mnyauko yanayoishi udongoni, na N kwamba inastahimili minyoo midogo inayofanya mizizi ivimbe mafundo. Udongo wa pwani wenye mchanga na joto huwapenda sana minyoo hao, na herufi ya N ina thamani kuliko picha nzuri ya tunda.

Maboga na matango hushambuliwa na ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaotanda juu ya majani kama unga wa muhogo. Ukungu wa asubuhi wa pwani huutunza. Kupanda kwa nafasi ya kutosha na kuondoa majani ya chini yaliyougua husaidia kuliko dawa nyingi. Mahindi, hata yakiwa machache, hupandwa kwa mraba wa mistari mifupi, si mstari mmoja mrefu kando ya ua, kwa sababu upepo ndio unaobeba chavua na mstari mmoja huzaa magunzi yenye mapengo.

Sukuma wiki ingoje

Kabichi, sukuma wiki, brokoli, karoti, spinachi na saladi zisianzishwe Mei. Mbegu za saladi hugoma hata kuota udongo unapozidi nyuzi 27 hivi. Sukuma wiki iliyopandwa mapema inaweza kuendelea kuchumwa, lakini miche michanga inayoingia kiangazini hukutana na adui ambaye Waafrika hawapaswi kumwona mgeni: bagrada, mdudu mdogo mwenye madoa meusi, meupe na ya rangi ya machungwa, afyonzaye utomvu wa jamii nzima ya kabichi. Asili yake ni Afrika, na California alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 2008 katika wilaya ya Los Angeles, akasambaa haraka kuelekea kusini. Idadi yake huongezeka mwishoni mwa kiangazi, na mche mchanga ukinyonywa kwenye ncha hufa au hubaki bila kichwa.

Hesabu ya maji

San Diego huagiza sehemu kubwa ya maji yake kutoka mbali, hasa Mto Colorado na kaskazini mwa California. Tangu Desemba 2015 kiwanda cha Carlsbad husafisha maji ya bahari kwa wastani wa karibu mita za ujazo 190,000 kwa siku, na bado hayo ni takriban sehemu ya kumi tu ya mahitaji ya wilaya. Maji yaliyosafiri au kuchujwa kwa gharama hiyo hayawezi kuwa rahisi.

Bustani ya mboga Mei na Juni huhitaji milimita 25 hivi za maji kwa wiki, yaani lita 25 kwa kila mita ya mraba. Kiwanja cha mita 6 kwa 10 hutumia basi lita 1,500 kwa wiki, sawa na madumu 75 ya lita 20. Kwa wiki 26 za ukame, kila mita ya mraba itakuwa imekunywa lita 650, ilhali mvua ya mwaka mzima haileti zaidi ya 250. Aliyewahi kubeba dumu kichwani ataielewa hesabu hiyo kwa haraka kuliko aliyezaliwa na bomba ndani ya nyumba, na huenda ndiyo sababu wakulima waliotoka Afrika hawahitaji kushawishiwa sana kuhusu matandazo. Majani makavu au vipande vya mbao vyenye unene wa kiganja hupunguza maji yanayopotea na kuupoza udongo. Mpira wa matone uliolazwa chini yake hupeleka maji kwenye mizizi na kuyaacha majani makavu, jambo linalopunguza pia baadhi ya magonjwa ya ukungu.

Maji ya Mto Colorado yana chumvi, na chumvi hiyo hujikusanya udongoni kwa kuwa hakuna mvua ya kuiosha. Maharage ndiyo yanayolalamika kwanza, kingo za majani zikaungua. Dawa yake ni kumwagilia kwa nadra lakini kwa wingi, maji yashuke hadi chini ya mizizi na kuibeba chumvi. Kunyunyiza kidogo kila siku, ambako huonekana kuwa ndiko kubana matumizi, huiacha chumvi palepale juu.

Udongo wenyewe sehemu nyingi za nyanda za juu za mji ni mfinyanzi wenye mawe, uliokaa juu ya tabaka gumu lisilopitisha maji. Wengi huinua matuta na kuyajaza mboji. Kwenye nyumba za zamani kuna tahadhari nyingine: rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku majumbani mwaka 1978, na udongo ulio chini ya kuta zilizopakwa kabla ya hapo unafaa kupimwa kabla ya kupandwa mboga za watoto.

Kiwanja cha City Heights

Wengi wa wahamiaji hao huishi katika nyumba za ghorofa na hawana hata hatua moja ya ardhi. Historia ya kulipata shamba inaanzia kwa Wabantu wa Somalia, ambao wahenga wao, Wazigua wakiwa miongoni mwao, walichukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka nchi ambazo leo ni Tanzania, Malawi na Msumbiji. Walikuwa wakulima wa bonde la Mto Juba hadi vita vilipowafukuza, na kuanzia 2003 Marekani ikawapokea zaidi ya 12,000. Waliofikia San Diego waliomba mahali pa kulima. Kwa msaada wa shirika la kimataifa la kuwahudumia wakimbizi, IRC, shamba la jamii la New Roots lilifunguliwa mwaka 2009 kwenye kiwanja kilichokuwa kitupu katika mtaa wa City Heights, likiwa na ukubwa wa zaidi kidogo ya ekari 2, na humo wakalima watu wa Afrika, Asia ya Kusini-Mashariki na Amerika ya Kilatini. Michelle Obama, aliyekuwa mke wa rais wakati huo, alilitembelea Aprili 2010.

Ziara hiyo ilipigwa picha nyingi. Kilichokuwa kigumu ni kibali, ambacho kilichukua muda mrefu na kugharimu makumi ya maelfu ya dola kwa kazi ya kupanda mboga. Mwaka 2011 halmashauri ya mji ilibadili kanuni zake ili bustani za jamii ziweze kuanzishwa bila mlolongo kama huo.

Wenye kipato kidogo wana njia nyingine isiyojulikana na wengi. Msaada wa chakula wa serikali ya shirikisho, SNAP, unaruhusu kununua mbegu na miche ya mimea inayozaa chakula, katika duka lolote linalopokea malipo hayo.

Mbegu kutoka nyumbani

Jamaa walio Bujumbura au Bukavu mara nyingi huombwa kutuma mbegu za nyanya chungu au za maharage fulani. Mbegu zilizofichwa katika sanduku la nguo bila cheti cha afya ya mimea hutwaliwa mpakani, na asiyezitaja anaweza kutozwa faini. Hofu ya mamlaka haikosi msingi, kama bagrada anavyoonyesha. Ipo hata hivyo njia halali: Wizara ya Kilimo ya Marekani hutoa kibali cha mbegu kidogo, kinachoruhusu hadi pakiti 50, kila moja ikiwa na mbegu zisizozidi 50 au gramu 10, zenye jina la mmea na nchi zilikotoka, bila udongo wala dawa. Kibali huombwa na yule aliye Marekani, kabla ya mzigo kuondoka. Baadhi ya aina za mbegu haziruhusiwi hata kwa njia hiyo, hivyo orodha husomwa kwanza.

Kazi ya Mei huzaa hadi Oktoba, mwezi ambao pepo kavu za moto kutoka jangwani zinaweza kukausha tuta kwa siku moja. Kabla ya hapo, mwishoni mwa Agosti, mbegu za sukuma wiki na kabichi huwa zimeshawekwa kitaluni chini ya wavu mwembamba usiopitisha bagrada, ili miche ihamishwe joto linapopungua. Na zile mbaazi zilizosimama kimya kiangazi chote, kando ya ua, siku zinapofupika huanza kutoa maua ya manjano. Kwa kuwa hakuna jalidi ya kuziua, ganda zake hukomaa wakati mvua za kwanza zinarudi.